Cheti cha bodi: bodi ipi, cha fani gani, hadi lini?

Leseni ya udaktari nchini Marekani haina fani. Jimbo likishampa mtu leseni, mbele ya sheria anaweza kutibu shinikizo la damu asubuhi, kuzalisha mchana na kunyoosha pua za watu jioni. Hakuna mstari kwenye leseni hiyo unaosema "huyu ni wa macho tu". Kinachomzuia daktari wa watoto asimpasue mtu ubongo ni hospitali kukataa kumpa chumba cha upasuaji, bima kukataa kulipa, hofu ya kushtakiwa na, kwa wengi wao, dhamiri.

Ndiyo maana maneno "board certified", yaani mwenye cheti cha bodi, yamejaa kwenye kuta za kliniki, kadi za madaktari na matangazo yao. Yanajaribu kujibu swali ambalo leseni hailijibu: je, huyu amelisomea hili analotaka kunifanyia? Kasoro yake ni kwamba yanajibu nusu nusu. Kuambiwa daktari ana cheti cha bodi ni sawa na kuambiwa fulani amefaulu mtihani. Mtihani upi? Nani aliutunga? Wa mwaka gani? Anayetaka kuhakiki cheti cha daktari wa Marekani anatafuta majibu ya maswali matatu mafupi: nani, nini, lini. La "nani" ndilo lenye mitego mingi zaidi, na ndilo nitakalokaa nalo muda mrefu.

Bodi mbili, jina moja

Kabla ya hapo kuna fundo la kufungua. Marekani ina bodi za aina mbili katika udaktari, na wagonjwa wengi huzichanganya kwa sababu zote huitwa bodi tu.

Kuna bodi ya tiba ya jimbo. Hii ni mamlaka ya serikali. Ndiyo inayotoa leseni, kupokea malalamiko, kutoa onyo, kusimamisha na kufuta. Kila jimbo lina yake, na baadhi ya majimbo yana mbili: moja ya madaktari wenye shahada ya kawaida ya udaktari (MD), nyingine ya wenye shahada ya osteopathi (DO), tawi jingine la udaktari. Halafu kuna bodi ya ubingwa, ambayo si ya serikali kabisa. Ni taasisi binafsi isiyogawana faida, iliyoanzishwa na madaktari wa fani husika, na kazi yake ni kuweka vigezo, kutunga mitihani na kutoa vyeti. Haiwezi kumnyang'anya mtu leseni. Bodi ya ubingwa ikimfutia daktari cheti leo, kesho bado anaweza kufungua kliniki, alimradi jimbo halijamgusa.

Basi mtu akikwambia "nimeangalia kwenye tovuti ya bodi, yupo", muulize bodi ipi. Huenda ameona leseni tu, na leseni ina masharti mepesi kuliko watu wanavyodhani. Aliyesoma Marekani hukaa chuo cha tiba kwa kawaida miaka 4, hupita mitihani ya taifa ya leseni, kwa kawaida USMLE yenye hatua tatu, na katika majimbo mengi mwaka mmoja wa mafunzo ya hospitalini baada ya chuo unatosha kumpatia leseni kamili. Cheti cha ubingwa hudai amalize mafunzo yote ya fani yake: miaka 3 kwa magonjwa ya ndani, watoto au tiba ya familia, 5 kwa upasuaji wa jumla, 7 kwa upasuaji wa ubongo. Baada ya hapo ndipo mitihani ya bodi yenyewe inaanza. Kati ya mwenye mwaka mmoja na mwenye miaka saba kuna tofauti kubwa, lakini leseni zao ukutani zinafanana.

Wazo la cheti lilianza na madaktari wa macho. Bodi yao iliundwa mwaka 1916 na mtihani wa kwanza ulifanyika Desemba mwaka huohuo mjini Memphis. Masikio, pua na koo wakafuata mwaka 1924, magonjwa ya wanawake na uzazi 1930, ngozi 1932. Mwaka 1933 bodi hizo nne zilikuwa msingi wa mwavuli mmoja ambao leo unaitwa American Board of Medical Specialties, kwa kifupi ABMS. Sasa mwavuli huo una bodi wanachama 24. Mmarekani wa kawaida anaposikia "cheti cha bodi", hicho cha ABMS ndicho kinachomjia akilini, hata kama jina lenyewe hajawahi kulisikia.

Nani: hata paka alipata

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Steve Eichel, alimwombea uanachama na vyeti mtaalamu mmoja wa tiba ya akili kwa njia ya hipnosisi. Jina: Zoe D. Katze. Maombi yalijazwa, ada zikalipwa, vyeti vikaja, na hatimaye Zoe akapewa hadhi ya "diplomate", neno lilelile ambalo bodi halisi za tiba huwapa madaktari waliofaulu. Zoe alikuwa paka wa Eichel. Anayejua Kijerumani angelisoma jina hilo na kucheka, kwa maana linatamkika kama "Zoe yule paka". Vyombo vilivyompa vyeti havikuwa bodi za udaktari, hilo tuliseme wazi, lakini funzo alilotaka kulitoa Eichel linahusu kila ukuta wenye fremu: neno "bodi" halina mwenyewe. Ukiwa na wakili wa kusajili taasisi na mtu wa kuchapa karatasi nzuri, una bodi.

Mfano mwingine unamhusu mtu mashuhuri. Rand Paul, kabla hajawa seneta wa Kentucky, alikuwa daktari wa macho, na alipata cheti halali cha American Board of Ophthalmology mwaka 1995. Hakupendezwa na jambo moja: bodi hiyo ilikuwa imeamua kuwa wenye vyeti vipya wafanye mtihani tena kila baada ya miaka kumi, huku waliopata vyao kabla ya 1992 wakiachwa huru maisha yao yote. Mwaka 1999 akasajili bodi yake mwenyewe, National Board of Ophthalmology. Yeye alikuwa rais wake, mkewe makamu wa rais, baba mkwe katibu. ABMS haikuitambua, na baadaye ikafa. Paul hakuvunja sheria yoyote. Leseni ya Kentucky haidai cheti cha bodi, na manung'uniko yake yalikuwa na hoja, nitayarudia chini. Lakini mgonjwa aliyesoma "National Board" na "American Board" kwenye karatasi mbili angejuaje ipi ni ipi?

Ugumu huu unaonekana zaidi kwenye upasuaji wa urembo, kwa sababu huko mgonjwa hulipa taslimu na bima haipo kuuliza maswali. American Board of Plastic Surgery ilianzishwa mwaka 1937 na imo ndani ya ABMS; wanaoomba cheti chake hupitia mafunzo ya upasuaji yasiyopungua miaka 6. American Board of Cosmetic Surgery haimo. Wanaopata cheti cha hiyo ya pili huwa wamemaliza ubingwa wa fani nyingine, kisha wakaongeza mwaka mmoja wa mafunzo ya urembo. Sisemi kwamba wote hao ni wabovu, na wako wenye mikono mizuri. Nasema kwamba majina ya bodi hizo yametofautiana kwa neno moja tu, na neno hilo kwa masikio ya mgonjwa halina tofauti yoyote. California iliona hatari hiyo na kuweka kwenye sheria yake kwamba daktari haruhusiwi kujitangaza kuwa ana cheti cha bodi isipokuwa bodi hiyo imo ABMS, au ina masharti yanayolingana nayo, au fani hiyo ina mafunzo yaliyoidhinishwa rasmi. Usitegemee ulinzi huo katika kila jimbo.

Sasa upande wa pili wa shilingi, maana wapo wanaosoma orodha ya ABMS kama msahafu na kumhukumu kila asiyekuwamo. Madaktari wenye shahada ya DO wana haki zote za kutibu katika majimbo yote 50, na wana bodi zao chini ya American Osteopathic Association (AOA). DO anaweza kuchukua cheti cha upande wake, cha ABMS, au vyote viwili. Ukimtafuta ABMS ukamkosa, hujamaliza kutafuta. Wapasuaji wa kinywa na taya wana bodi inayotambuliwa kupitia mfumo wa madaktari wa meno. Na kuna National Board of Physicians and Surgeons, iliyoanzishwa mwaka 2015 na daktari wa moyo Paul Teirstein, ambayo humpa cheti mtu aliyewahi kufaulu ABMS au AOA lakini hataki kuendelea na masharti yao ya kila mara. Hapo unakuwa na daktari aliyesoma, aliyefaulu, na aliyegombana na bodi yake. Namna ya kulichukulia hilo ni juu yako. Mimi binafsi halinitishi, ila ningependa kujua mapema.

Kuna vyeti vingine vinavyosomeka kama cheti cha bodi na sivyo. Cheti cha ECFMG hupewa daktari aliyesoma nje ya Marekani kuthibitisha kwamba shahada yake ni halali na amefaulu mitihani ya kumruhusu aingie mafunzo ya ubingwa. Ni cha kuingilia, hakihusu kumaliza. Herufi FACP au FACS baada ya jina humaanisha kuwa mtu ni mwanachama mwenye hadhi katika chama cha madaktari wa ndani au cha wapasuaji. Ni heshima ya kweli, na ya wapasuaji hudai cheti cha bodi, lakini zenyewe si cheti. Na cheti cha kampuni iliyotengeneza mashine ya leza humaanisha kuwa daktari amefundishwa kuitumia mashine hiyo. Basi.

Nini: cheti halali, kazi nyingine

Huu ni mtego wa kimyakimya kuliko wote, kwa kuwa hapa hakuna anayedanganya. Tangazo linasema "daktari mwenye cheti cha bodi" na chini yake kuna picha ya tumbo lililopunguzwa mafuta. Unatafuta, unakuta kweli: cheti hai, bodi ya ABMS, fani ya tiba ya familia. Kila neno kwenye tangazo ni sahihi. Lililokosekana ni kiungo kati ya cheti na kisu.

Kwa hiyo usiridhike na kuona tiki ya kijani. Soma jina la fani, kisha uliweke kando ya jambo unalokwenda kufanyiwa. Kwa magonjwa mengine itabidi ushuke ngazi moja zaidi, kwenye ubingwa bobezi. Daktari wa moyo huanza kwa kupata cheti cha magonjwa ya ndani, kisha cha moyo. Anayeingiza mirija ya kuzibua mishipa ana cheti kingine juu ya hivyo. Usishangae ukikuta cha magonjwa ya ndani kimeachwa kiishe na cha moyo kiko hai. Kwa fani nyingi za bodi ya magonjwa ya ndani hilo linaruhusiwa, na kwa mtu aliyetibu mioyo tu kwa miaka ishirini lina mantiki.

Lini: vya milele, vya muda na "bado kidogo"

Zamani cheti kilikuwa kama ubatizo: ukipata, umepata. Bodi ya magonjwa ya ndani ilitoa vyeti visivyo na ukomo hadi mwaka 1990, ndipo ikaanza kutoa vya miaka kumi. Bodi ya tiba ya familia, iliyozaliwa mwaka 1969, iliweka ukomo tangu siku ya kwanza. Kuanzia mwaka 2000 bodi zote za ABMS zilikubaliana kwamba mwenye cheti aendelee kujithibitisha kwa masomo na tathmini. Kiasi gani, kwa bei gani na kwa faida ya nani, ndicho kilichozua ugomvi. Bodi ya magonjwa ya ndani ilipoongeza masharti mwaka 2014, madaktari walikuja juu hadi Februari 2015 ikaomba radhi hadharani na kusitisha baadhi yake. Tangu 2022 inawaruhusu wanaopenda kujibu maswali machache kila robo mwaka badala ya mtihani mmoja mkubwa.

Kwa msomaji anayehakiki, historia hiyo inaeleza jambo ambalo lingemchanganya. Utamkuta daktari mzee ambaye cheti chake kiko hai, halafu pembeni pameandikwa kwamba hashiriki mpango wa kuendeleza cheti. Si kosa. Ni wa enzi za vyeti vya milele, haohao waliomkera Rand Paul. Sheria haimdai chochote. Kama mgonjwa, unaweza kumuuliza kwa adabu anajisomeaje siku hizi.

Vijana nao wana maneno yao: "board eligible", yaani amemaliza mafunzo ila hajafaulu mitihani. Zamani mtu angeweza kuishi na hadhi hiyo hadi kustaafu. Tangu 2012 ABMS imeweka kikomo: kila bodi huchagua muda kati ya miaka 3 na 7 baada ya mafunzo, ukipita huwezi tena kujiita hivyo. Usimkimbie kijana kwa sababu ya neno hilo. Bodi ya mifupa, kwa mfano, haimkamilishii mpasuaji cheti mpaka afanye kazi kwa zaidi ya mwaka na kuwasilisha orodha ya wagonjwa aliowapasua ahojiwe juu yao. Mpasuaji wa mifupa aliyetoka mafunzoni mwaka jana hawezi kuwa nacho hata angekuwa hodari namna gani. Aliyetoka miaka kumi na miwili iliyopita na bado anasema "bado kidogo", huyo ana la kueleza.

Kutafuta kwenyewe

Ukishajua unachokitafuta, kazi huchukua dakika chache. Anza na certificationmatters.org, tovuti ya ABMS kwa ajili ya wagonjwa, ambayo ni bure. Andika jina na jimbo. Itakuonyesha bodi na fani. Ukitaka undani zaidi, nenda kwenye tovuti ya bodi yenyewe. Ya magonjwa ya ndani, kwa mfano, ina ukurasa wake wa kuhakiki. Kwa DO, angalia pia upande wa AOA.

Ukikosa jina, usihitimishe haraka. Wanawake wengi walipata vyeti kwa jina la ubini kabla ya kuolewa. Wenye majina mawili ya ukoo huandikwa mara na kistari, mara bila. Wenye majina ya kigeni wakati mwingine jina la kwanza na la mwisho yamebadilishana nafasi. Jaribu jina la ukoo peke yake pamoja na jimbo. Kinyume chake pia hutokea: unampata mtu, kumbe ni mwingine mwenye jina lilelile. Linganisha mji na fani kabla ya kufurahi.

Tovuti za kibiashara za kupanga madaktari kwa nyota ziache zikusaidie kujua maegesho yako wapi. Nyingi huchukua fani ya daktari kutoka kwenye orodha ya namba za utambulisho, zile zenye tarakimu 10 ambazo kila daktari anayetuma madai ya bima lazima awe nayo. Fani iliyomo humo daktari huichagua mwenyewe wakati wa kujisajili. Hata kurasa za leseni za majimbo mengi huandika fani kama daktari alivyojitaja, na mara nyingine zinasema hivyo kwa maandishi madogo.

Hizo kurasa za jimbo, hata hivyo, usiziruke, kwa kuwa zina kitu ambacho cheti hakikuambii: adhabu. Cheti hupima kama mtu alisoma na anajua. Hakisemi kama alipewa onyo kwa kuandika dawa ovyo au kufanya kazi akiwa mlevi. Leseni husema, angalau kwa yale yaliyofikia uamuzi. Na kwa kuwa daktari anaweza kuwa na leseni za majimbo kadhaa, aliyeadhibiwa huku akahamia kule, tumia docinfo.org, ya shirikisho la bodi za majimbo, inayokusanya leseni na adhabu za nchi nzima mahali pamoja. Massachusetts ilikuwa ya kwanza kuweka wasifu wa madaktari wazi kwa umma, mwaka 1996, na majimbo mengine yakaiga kwa viwango tofauti. Hifadhi ya taifa ya fidia za makosa ya kitabibu na adhabu ipo tangu 1990, lakini mgonjwa haruhusiwi kuifungua. Hospitali huruhusiwa, na mlango huo tunaweza kuutumia kwa nyuma.

Namna yake ni hii. Upasuaji ukifanyika katika kliniki binafsi ya daktari, muulize: je, kuna hospitali iliyokupa ruhusa ya kufanya upasuaji huuhuu kwao? Hospitali kabla ya kumruhusu hukagua mafunzo yake, huuliza hifadhi ile iliyofungwa kwako, na hupitia upya kila baada ya muda. Akijibu kwa jina la hospitali, piga simu huko uthibitishe. Akianza kueleza kwamba hospitali zina urasimu, msikilize mpaka mwisho, kisha uulize tena.

Halafu uliza jina la atakayekulaza usingizi. Watu hutumia wiki nzima kumchunguza mpasuaji na hukutana na wa usingizi asubuhi ya siku yenyewe, wakiwa tayari wamevaa gauni la hospitali, dakika chache kabla ya sindano. Yeye pia ana bodi, ana fani, ana tarehe. Kliniki hupanga zamu mapema, kwa hiyo piga simu siku moja kabla, saa za kazi, ukiwa na kalamu mkononi.